Tiki ya Kijani ya Hulda

Hulda wa Ngao ana hasira, na hasira zake si siri. Pale kwenye tawi la chuo kikuu, Garsen, hata askari wa getini anajua: ukisikia viatu vya Hulda vinagonga sakafu kwa kasi, jifanye unafagia. Watu humwita mkali. Mimi nakataa. Huyu ni mtu anayeona jambo baya na hana koo la kulimeza. Sisi wengine tunameza. Tunameza mpaka tunavimbiwa, kisha tunasema ni adabu.

Alizaliwa Ngao, mtoto wa nne wa mkulima wa mpunga na ndizi ambaye kijiji kizima humwita Mama Isaac, kwa jina la kifunguamimba wake. Kompyuta alijifunzia Mombasa, akarudi na diploma yake, akaandikwa kazi pale tawini kuwa fundi wa mashine. Mwaka wa tisa huu yumo, na kila mwaka ni mkataba mpya. Kila ikikaribia Juni anaandika barua ya kuomba kazi anayoifanya kila siku. Hebu niambie, mtu kama huyo asikasirike?

Basi mwezi wa tatu amri ikashuka kutoka makao makuu. Kompyuta zote za kazi ziwekwe programu ya bakap. Programu hiyo, walisema, itakaa kimya ndani ya mashine, itachukua nakala ya kila kazi na kuipeleka kwenye hifadhi ya mbali kwa njia ya mtandao. Wingu, ndivyo walivyoiita. Mashine ikiungua, ikiibiwa, ikichukuliwa na mafuriko, wewe huna wasiwasi. Unatafuta mashine nyingine, unaishusha kazi yako kama ilivyokuwa. Hulda alifurahi, sina haja ya kuficha. Jambo hilo alikuwa ameliomba kwa miaka mitano, na watu wa Garsen wanajua maji yakija hayapigi hodi.

Aliyetumwa kuja kumwelekeza ni mhandisi mmoja wa makao makuu aitwaye Caleb, bwana wa shati jeupe na maneno ya haraka. Alifika saa nne asubuhi, na saa saba alikuwa ameshaanza kuuliza gari la kurudi Malindi linapita saa ngapi. Mipangilio yote, alisema, imefungwa kutoka makao makuu.

"Wewe kazi yako ni kubonyeza tu, dada. Ukiona tiki ya kijani, umemaliza."

"Na flashi za watu?" Hulda akauliza.

"Flashi mwisho. Programu ikiingia inafunga matundu yote ya flashi. Na zilizopo zikusanywe, zifutwe. Zina habari za watu, sheria hairuhusu zizagae ovyo."

Hulda akakusanya. Flashi kumi na tisa na diski tatu za nje zikajaa kwenye boksi la sabuni. Akazifuta moja moja kwa mkono wake mwenyewe, Caleb akatia sahihi. Kisha akabonyeza, mashine baada ya mashine, na kila mashine ikaonyesha tiki yake ya kijani. Kumi na moja kwa kumi na moja. Mkuu wa tawi, Bwana Martin, akaandika ripoti siku ileile. Makao makuu wakamletea barua ya pongezi kwamba tawi lake ndilo la kwanza kumaliza, naye akaibandika kwenye ubao wa matangazo, juu kabisa, pale hata ratiba ya mitihani haijawahi kufika.

Sasa sikiliza ujinga unavyozaliwa.

Mama Isaac, kabla ya kumwaga mbegu shambani maji ya mto yanapopungua, huchota konzi moja ya mpunga aliouweka, huufunga kwenye kitambaa kilicholowa na kuuacha siku tatu nne aone kama utachipua. Mbegu haiaminiwi kwa macho, husema. Yaweza kuwa nzuri nje na ndani imekufa. Hulda amekua akiyaona hayo. Ndiyo maana wiki moja baadaye alikaa kwenye kompyuta ya Mwanaarusi, karani wa masjala, akajaribu kushusha kilichopandishwa winguni. Hakutumwa na mtu. Alitaka tu kuona.

Kikashuka kitu kimoja. Picha ya keki.

Ilikuwa keki ya harusi ya mpwa wake Mwanaarusi, ya ghorofa tatu, na maua ya sukari. Majalada ya wanafunzi mia nne hayakuwepo. Barua hazikuwepo. Akaenda mashine ya pili, hola. Ya tatu, kadi ya mchango wa mazishi. Zote zina tiki ya kijani, zote zinajidai. Hulda akapiga kofi meza mpaka Mwanaarusi akamwagikiwa na chai.

"Ebo! Wametushonea gunia tupu, wakaandika juu mchele!"

"Polepole, mwenzangu," Mwanaarusi akasema huku akipangusa leso yake. "Kwani vitu vyangu vimekwenda wapi?"

"Havijakwenda popote. Ndiyo shida yenyewe!"

Sababu aliijua hapohapo, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Programu ile imeamriwa kuchukua folda moja tu, ile ya nyaraka iliyoko kwenye C. Na Garsen, ndugu yangu, hakuna mtu anayeweka kitu kwenye C.

Ngoja nieleze. Diski ya kila kompyuta pale imegawanywa mafungu mawili, C na D. Kwenye C ndiko zinakokaa programu za mashine yenyewe. Miaka ile ya jenereta, stima ilizimika mara sita kwa siku, na hapakupita wiki bila mashine moja kukataa kuwaka. Dawa yake ilikuwa kuifuta C yote na kuianza upya. Fundi wa wakati huo alikuwa Dadacha, Muorma mmoja mrefu na mpole, sasa ni marehemu. Alichoka kuwaona watu wazima wakililia kazi zao. Akapita ofisi kwa ofisi akiwafunza maneno mamoja tu: C ni ya mashine, D ni ya mwenyewe. Akayaandika kwa wino mzito juu ya kila skrini. Watu wakayashika kama sala. Mgeni akiajiriwa, kabla hajaonyeshwa choo ameshaonyeshwa D. Hulda mwenyewe aliyarithi, akayafundisha miaka tisa, na siku ile ya kubonyeza hayakumjia akilini hata kidogo, maana jambo ulilolizoea hulioni tena. Makao makuu nao hawakujua, kwa sababu hawakuuliza.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hulda akawapigia simu makao makuu, akaambiwa alete lalamiko kwa njia ya mfumo. Akalileta. Mfumo ukamjibu kwamba tawi lake halina tatizo, lina tiki kumi na moja. Akampigia Caleb. Caleb akasema kubadilisha mipangilio ni kazi ya kamati, na kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu.

"Waambie watu wahamishie kazi zao C, dada. Si ni rahisi?"

Rahisi! Fimbo ya mbali haiui nyoka, na huyu wa mbali hata nyoka mwenyewe hajamwona.

Akaenda kwa Bwana Martin. Huyu ni mtu wa koti na tai hata joto la Garsen likikausha mate kinywani, na hajawahi kumpandishia mtu sauti. Alimsikiliza Hulda mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Hulda, mama, ripoti imeshakwenda."

"Ripoti ni ya uongo, Bwana Martin."

"Si ya uongo. Tiki zipo, hazipo?"

"Zipo."

"Basi. Wewe zungumza na watu taratibu, mmoja mmoja, wahame. Lakini usiandike kitu. Na mkataba wako, kama sikosei, ni Juni. Tusiharibiane."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini Bwana Martin hakuwa akitafuta mtoto. Alikuwa akitafuta cheo.

Hulda akatoka pale, akaanza kupita ofisi kwa ofisi kama Dadacha wa zamani, ila yeye alikuja kuyavunja maneno ya Dadacha. Ilikuwa kazi! "C? Hulda, umeumwa?" "C, wataka kunifukuzisha?" Alibembeleza, akafoka, akaapa. Mwanaarusi alikubali baada ya kumwapisha kwa jina la mama yake. Mwisho wa mwezi mashine kumi zilikuwa zimehama, na nakala zao za kweli zimepanda. Ikabaki moja. Na hiyo moja ndiyo iliyokuwa na kitu ambacho kikipotea hakiandikwi tena.

Ilikuwa mashine ya Mwalimu Kassim, mhadhiri wa jiografia, Mpokomo wa juu, mzaliwa wa upande wa Hola, mtu mnyoofu anayepanga hata peni zake mezani. Kwa miaka mitatu alikuwa akitembea vijiji vinne vya mto wa chini, shamba kwa shamba. Kisa chake ni kwamba kampuni moja ya miwa ilikuwa imechora ramani, na kwenye ramani hiyo kingo za mto hazina wenyewe. Ati ni pori! Watu waliolima pale tangu enzi za babu wa babu hawana hati. Mpaka wao ni mti wa mkoma, ni mfereji, ni kauli ya jirani. Basi Kassim alipima kila shamba, akapiga picha kila mpaka, akarekodi sauti ya mwenye shamba na za majirani wakikubaliana kwamba huku ni kwangu na kule ni kwake. Alianza Kau, ambako kampuni ilitangulia kuchomeka vigingi, akamalizia Ngao. Mashamba mia tano na kumi na mawili. Kikao cha kusikiliza madai kilikuwa kimepangwa mwezi wa tano, na bila kazi ile wakulima wangekwenda mikono mitupu.

Kati ya mashahidi, kadhaa walikuwa wameshafariki. Mmoja wao alikuwa mzee Ishmael wa Ngao. Mto ulipohama mkondo ulizika alama zote za upande ule, na Ishmael ndiye jirani pekee aliyebaki akijua shamba la Mama Isaac linaishia wapi. Kassim alimrekodi akiwa kitandani, miezi miwili kabla hajafa. Sauti hiyo sasa ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye D ya Kassim. Nakala yake nyingine ilikuwa kwenye mojawapo ya zile diski tatu za nje, na mnajua nani aliifuta.

"Mwalimu," Hulda akamwambia, "niruhusu ninakili kazi yako niiweke C. Ya D inabaki palepale. Siku mbili tu ipande, basi."

Kassim akavua miwani. "C? Dada Hulda, mwaka elfu mbili kumi na sita niliweka tasnifu yangu kwenye C. Unajua kilichonipata."

"Najua."

"Kurasa mia na tisini. Dadacha aliifuta, akalia yeye, nikalia mimi. Nikaapa. Na mashine hii nzee unaiona. Ukiisukumia mzigo wote huo itaganda, kisha uniambie dawa ni kufuta. Nina ramani za kumalizia kabla ya kikao. Niache."

"Dadacha amekufa, Mwalimu! Hakuna anayefuta C siku hizi!"

"Hata flashi uliniambia vivyo hivyo. Ulisema lete, wingu lipo. Haya, liko wapi?"

Hapo alimshika pabaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo huo aliyemtupia Kassim ni yeye Hulda. Alirudi chumbani kwake akalia kwa hasira, ile hasira inayokosa pa kwenda ikakurudia wewe mwenyewe.

Ijumaa ilipofika, Hulda akangoja. Kassim akafunga ofisi yake saa sita na robo, akashika njia ya msikitini. Kanzu yake ilipopotea nyuma ya geti, Hulda akachukua funguo za fundi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha mtu. Alijua ni makosa. Aliyafanya.

Folda zilikuwa nne, kila kijiji na namba yake. Ya kwanza Kau, ya nne Ngao. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile ya nne. Angeweza kuanza nayo, nani angejua? Lakini akajiona kama mtu anayeruka foleni ya hospitali kwa sababu dada yake ni nesi. Akaona haya. Akazichagua zote pamoja, akaziacha zijipange kwa namba zake. Kau ikaingia C, na ile programu kwa mara ya kwanza ikapata kitu cha kubeba, ikaanza kukipandisha. Mtandao wa Garsen mnaujua. Hulda alikaa akiutazama kama mtu anayengoja wali uive na wageni wameshakaa mkekani.

Hotuba ya siku ile ilikuwa fupi. Saa saba na dakika tano mlango ukafunguliwa.

"Unafanya nini kwenye kiti changu?"

"Mwalimu, subiri. Imeshaanza kupanda. Kau inaelekea kwisha, naona kwa macho yangu. Nipe mpaka jioni."

Kassim alisogea, akasukuma kipanya. Mshale haukwenda. Mashine ilikuwa imeelemewa, imeganda kama alivyosema itaganda. Uso wa yule mtu mpole ukabadilika.

"Umeiua! Umeniulia kazi! Miaka mitatu! Toa! Toa vitu vyangu huko C, mbele ya macho yangu!"

"Haijafa, imeelemewa tu! Nisikilize, Mwalimu, na mimi mama yangu yumo humo!"

"Toa, nakwambia!"

Watu wakajaa mlangoni. Bwana Martin naye akaja, koti begani, akauliza kwa upole wake uleule wa kuudhi, "Hulda, umeingia ofisi ya mtu bila ruhusa?"

"Nimeingia. Niandikie barua, Jumatatu nitaisoma. Lakini mashine hii iacheni mpaka jioni, nawaomba."

"Futa," akasema Bwana Martin. "Sasa hivi. Au hiyo Jumatatu usije."

Ningependa sana kukwambia kwamba Hulda alikataa. Hulda huyu wa kupiga meza, huyu anayeogopwa na askari wa getini! Ningependa kukwambia alishika kile kiti kwa mikono miwili akasema nitoeni maiti. Lakini alikuwa na wana wawili shuleni na mkataba wa mwezi Juni. Alingoja mshale urudi, akasimamisha kunakili, akafuta kila kilichokwisha kuingia C, akaondoka kichwa chini. Kassim akaangalia D yake, akakuta kila kitu kimo, akashukuru Mungu. Bwana Martin akawaambia watu warudi kazini.

Jumanne mvua ikanyesha. Saa nane mchana radi ikapiga nguzo ya stima nyuma ya maktaba, na ndani ya ofisi kukasikika mlio mmoja mkavu. Mashine nne zikafa palepale. Tatu kazi zake zilikuwa winguni. Ya nne ilikuwa ya Kassim.

Walimkuta amekaa sakafuni, nguo zikinuka moshi, mashine ameipakata. Hulda aliifungua, akatoa diski, akaipeleka mwenyewe Mombasa kwa fundi anayefufua zilizokufa. Fundi akaitazama, akamrudishia. Hakutaka hata kumtoza kitu.

Hulda aliporudi akakaa kwenye mashine ya Mwanaarusi, akafungua hifadhi ya mbali kwa jina la Kassim, akijua hatakuta kitu. Kumbe wingu lile halikimbilii kutupa. Kilichofutwa hapa, kule hukaa siku thelathini. Akakuta folda ya kwanza, Kau. Mashamba mia na arobaini na moja, sauti, picha, vipimo, yote mazima. Akafungua ya pili: tupu. Ya tatu na ya nne hazikuwepo hata kwa jina.

Mwanaarusi akapiga kigelegele. "Umeiokoa, Hulda! Umeokoa Kau!"

"Nyamaza!" Hulda akamfokea. "Nyamaza, nakuomba! Saa moja isiyotimia imeokoa kijiji kizima. Siku mbili zingeokoa vyote. Na ni mimi niliyeondoa mkono!"

Utadhani hadithi inaishia hapo, kwa aibu na ukimya. Hapana. Bwana Martin aliposikia kwamba kuna kilichopatikana, macho yake yaling'aa. Kilichokosekana hakukiuliza. Akapanga siku ya sherehe. Akachapisha ramani za Kau kwa rangi, akaita watu wa vijiji vyote vinne, akaita na mgeni wa makao makuu. Hema likafungwa, viti vikapangwa, soda zikatiwa barafu. Kikao cha madai kilikuwa kimebakisha siku tisa.

Watu wa Kau walikuja kwa mitumbwi na pikipiki, wameleta samaki wa kukaushwa na mikungu ya ndizi. Wa Ngao nao walikuja. Mama Isaac alikaa mstari wa pili, na leso mpya, akimwonyesha kila aliyekaa karibu: yule pale, aliyesimama kwenye nyaya za vipaza sauti, ni mwanangu. Hulda alikuwa hajamwambia. Kila jioni alichukua simu, na kila jioni aliiweka.

Bwana Martin akasimama. Akasema mfumo wa kisasa wa bakap, uliowekwa katika tawi hili kwa asilimia mia, umeokoa kazi ya miaka mitatu kutoka kwenye moto wa radi. Akainua ramani za Kau. "Hizi hapa! Na za vijiji vingine," akaongeza huku akikohoa kidogo, "zinashughulikiwa."

Watu wakapiga makofi. Mama Isaac alipiga kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa.

"Zinashughulikiwa na nani?"

Sauti ilitoka kwenye nyaya. Bwana Martin akatabasamu, akanyoosha mkono kama mtu anayetuliza mbuzi. "Hulda, mama, baadaye."

"Baadaye lini? Siku ya kikao?" Hulda akaja mbele, viatu vikigonga. "Acha kudanganya watu wazima, Bwana Martin! Za vijiji vingine hazipo. Zimeungua zote. Ule mfumo ulikuwa unabeba picha za keki, nikakwambia, ukaniambia nisiandike. Kau imepona kwa sababu niliingia ofisi ya mtu kama mwizi. Nilipokuwa katikati, Mwalimu huyu akanipigia kelele, nawe ukaniamuru nifute. Na mimi nikafuta. Nasema mbele yenu, watu wa Ngao: mimi nilikuwa nimekalia kiti, na nilifuta."

Kassim alikuwa amekaa kando ya meza ya soda. Akasimama, akasema, "Ni kweli. Kila neno," na akabaki amesimama hivyo, hajui pa kuweka mikono.

Mgeni wa makao makuu akatazama simu yake. Kisha Mama Isaac akainuka mahali pake, taratibu, akiegemea bega la jirani.

"Hulda," akaita. "Hata letu?"

"Hata letu, mama."

"Na yale maneno ya Ishmael?"

"Hayapo, mama. Yalikuwa mle."

Mama Isaac hakupiga ukunga. Alimtazama bintiye, akamtazama Kassim, kisha akamgeukia Bwana Martin aliyekuwa bado ameinua ramani za Kau kwa mkono mmoja.

"Sasa baba," akamuuliza, "yale makofi tuliyopiga hapa, tulikuwa tunapigia nini?"

Bwana Martin akazishusha ramani. Watu wote wa Ngao walikuwa wamekwisha kusimama, na walikuwa wanangoja jibu.